Msaada: bosi anataka malengo ya tathmini ya wafanyakazi, tupo Kigoma na kazi ni dagaa

MamaVichanja:
Habari za jioni wakuu. Nasimamia kijikampuni cha kukausha na kufungasha dagaa hapa Kibirizi. Mwaka jana tathmini ilikuwa ile fomu ya bidii, nidhamu na ushirikiano, kila kipengele alama 1 mpaka 5. Karibu wote walipata 4. Aliyepata 3 kanuna mpaka leo. Sasa bosi anataka "malengo yanayopimika", na atakayepata chini ya asilimia 60 hapewi mkataba mpya. Rasimu yangu:

Mnunuzi wa mwaloni (ufukweni wavuvi wanaposhusha dagaa): anunue kilo 1,500 kila mwezi.
Anayeanika: aboreshe ubora wa dagaa.
Muuzaji: aongeze wateja.

Naona haijakaa sawa ila sijui niguse wapi.

KijanaWaMwalo:
Dada, hizo kilo 1,500 kila mwezi mnunuzi wako atazikataa, na haki atakuwa nayo. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea vipe vingi, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, havitoki. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, hapo angenunua wapi? Mpime kwa kilicho mikononi mwake: alilipa bei gani ukilinganisha na bei ya mwalo asubuhi ileile, na mzigo aliouleta ulikuwa mzima au matumbo yameshapasuka. Kama lazima kuwe na kilo, weka za siku za giza peke yake.

Tajiri_Mtoto:
Waongezeni mshahara kwanza, malengo yatajileta yenyewe.

MamaVichanja:
Hiyo mpelekee bosi mwenyewe 😂 Kijana, asante, la mwezi sikuliwazia kabisa. Na huyu wa kuanika je? Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo nampimaje?

AfisaUtumishi_Mstaafu:
Mama, serikalini mfumo wa kutathmini watumishi tulianza na OPRAS mwaka 2004, siku hizi ni PEPMIS, wa kielektroniki. Mfumo haukuwa na shida kubwa kwenye karatasi. Shida ni mtu kuandika malengo mwezi wa sita, mwaka wa fedha unaisha, anayatunga yafanane na alichokwisha kufanya. Kwa hiyo kaeni wawili mwanzoni, msaini wote, kila mmoja abaki na nakala, halafu mkutane tena katikati ya mwaka. Kile kikao cha katikati ndicho kinachorukwa na ndicho chenye kazi, maana hapo lengo linarekebishwa kama ziwa limefungwa au mashine imekufa.

Kwa wa kuanika, "aboreshe ubora" hakuna atakayejua kama amefika. Andika hivi: "Kuanzia Januari hadi Juni, viroba vinavyorudishwa na wateja kwa sababu ya mchanga au ukungu visizidi 2 katika kila 100, kwa mujibu wa daftari la stoo." Mvua si kosa lake. Kufunika vichanja kabla haijanyesha ni kazi yake, basi hilo nalo liandike. Hiyo 2 usiikopi kwangu, fungua daftari la mwaka jana uone mlikuwa wapi.

KijanaWaMwalo:
Mzee umesema, ila ukimpima kwa viroba vilivyorudi tu, ataanika kidogo kidogo ili asikosee. Weka na kiasi cha kukausha hapohapo.

AfisaUtumishi_Mstaafu:
Kweli kabisa. Mawili yanayovutana, ndipo mtu hawezi kucheza na moja. Ila yasizidi matatu au manne kwa mtu. Nimeona fomu zenye malengo 14, hata mwenyewe hayakumbuki.

WakiliWaReli:
Mimi niguse hiyo asilimia 60. Kanuni za utendaji bora katika ajira, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007, zinaangalia kama mfanyakazi alikijua kiwango, kama kiwango chenyewe kinafikika, kwa nini hakukifikia, na kama alipewa nafasi ya kujirekebisha. Ukimwachisha mtu kwa lengo la kilo ambalo mwezi na ziwa vinaliamua, akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi bosi wako atapata tabu. Weka kumbukumbu za kila kikao, hata nusu ukurasa, na saini zote mbili.

MamaVichanja:
Nimerudi. Nimebadilisha: mnunuzi ni bei na hali ya mzigo, wa kuanika ni viroba vinavyorudi pamoja na kiasi alichokausha, muuzaji ni madeni yakusanywe ndani ya siku 30 na wateja wa zamani wasipotee. Bosi kakubali yote isipokuwa kuondoa kilo, anadai bila kilo watalala. Tumekubaliana ziwe za siku za giza tu. Sasa nani ana fomu ya kikao cha katikati ya mwaka anitumie?

AfisaUtumishi_Mstaafu:
Njoo inboksi.