Kichaka chenye miba na maua ya rangi mbili kinaziba malisho

Mchungaji_K: Wakuu, kuna kichaka kimetanda ukingoni mwa shamba, sasa kinaingia kwenye malisho. Kinafika kimo cha mtu, na kikipata mti kinaupanda. Maua yake madogo yamejikusanya pamoja, katikati njano, pembeni waridi. Majani yananuka ukiyafikicha. Kila kikifyekwa kinarudi kimesongamana zaidi. Jirani ananiambia nisubiri kiangazi nikitie moto. Ni mmea gani huu, na moto utafaa?

MamaSururu: Kwa maelezo yako ni lantana, ila hakikisha kwanza. Shika tawi changa ulizungushe vidoleni: likiwa na pembe nne na vimiba vilivyopinda, majani yakiwa mawili mawili yametazamana na yanakwaruza kama msasa, ndiyo yenyewe. Ukikuta majani matatu matatu kwenye kifundo kimoja na hakuna miba, huyo ni jamaa yake tu, si huyu msumbufu.

Moto usithubutu. Lantana inaungua juu, chini iko hai, na nyasi ambazo zingeibana utakuwa umezichoma mwenyewe. Mvua ikinyesha, ya kwanza kuchipua ni hiyo hiyo. (Majirani wanapenda sana kushauri moto kwenye mashamba ya wenzao.)

Vita vyote viko kwenye kitako cha shina. Fyeka matawi, bakisha kisiki cha kupata pa kushika. Fukua pembeni kwa sururu mpaka ulione fundo ambako mizizi inaanzia, liko chini kidogo tu ya udongo, gumu, limejaa vijicho vya machipukizi. Litoe lote. Vimizizi vyembamba vikikatikia humo visikutie hofu, lakini ukiacha nusu ya fundo umejichosha bure. Likitoka ligeuze mizizi juu likaukie hapo. Matawi nayo usiyaache yalale kwenye udongo wenye unyevu, yanaota mizizi.

Halafu usianze pale palipokithiri. Anza kwenye vichaka vya mmoja mmoja, ndani ya malisho, usogee kuelekea msongamano. Watu wanavamia katikati, wanachoka, huku pembeni vinaendelea kuzaliana. Ndege ndio wapanzi wake: wanakula vile vitunda vyeusi, mbegu wanazidondosha chini ya miti wanayotua. Mvua zikianza pita chini ya kila mti ung'oe miche kwa mkono, udongo ungali laini. Utarudia miaka kadhaa, maana mbegu zinakaa ardhini zikisubiri. Palipobaki wazi panda nyasi upesi.

Mchungaji_K: Asante sana mama. Ya kwenye mawe je? Sururu haipenyi.

Bomba_Mgongoni: Hapo tumia dawa ya magugu, ila ya kupaka. Kata shina karibu kabisa na ardhi, paka glaifoseti kwenye kidonda papo hapo kwa brashi. Ukichelewa kidonda kikikauka, dawa haiingii. Usinyunyizie hovyo, glaifoseti haichagui, itaua na nyasi. Fuata kipimo cha kwenye kibandiko, vaa glavu.

Mganga_wa_Ng'ombe: Mifugo mmeisahau. Lantana ni sumu, inaharibu ini. Mnyama aliyeila anakataa malisho, anakimbilia kivulini, macho yanakuwa njano, na ngozi ya puani na penye manyoya meupe inababuka kwa jua. Ukiona hivyo mwondoe juani na umwite mtaalamu siku hiyo hiyo. Waliokulia karibu nayo kwa kawaida huikwepa. Wa kuangalia zaidi ni mifugo wageni na wenye njaa.

Kinyonga7: Nasikia kuna wadudu wanaoila. Kwa nini tuhangaike na sururu?

MamaSururu: Wapo. Hawaii walianza kuleta wadudu kutoka Meksiko mwaka 1902, na nchi nyingi zikafuata. Wanakausha majani, wanapunguza mbegu, lakini kichaka kikipata mvua kinajirudi. Tena kuachia wadudu wageni ni kazi ya serikali na watafiti, si ya mtu binafsi. Mchungaji, kabla hujaanza kufyeka hamisha mifugo kwanza. Ukimaliza kila upande, kusanya matawi mbali nao, maana yaliyonyauka yana sumu vilevile.