Hivi huu "ushirikiano" wa halmashauri na kampuni za mabasi huku Uingereza unamsaidia nani?

Wakuu, nimefika home sasa hivi na nina hasira kwelikweli. Nimetembea dakika 50 kwa mguu kutoka kazini, mvua juu, kwa sababu basi la mwisho siku hizi linaondoka saa tatu usiku na mimi shifti yangu kwenye nyumba ya wazee inaisha saa nne. Zamani lilikuwepo la saa nne na nusu, na alfajiri lilikuwepo la saa kumi na moja na robo, tulikuwa tunapanda walewale kila siku, wafanya usafi, walezi, vijana wa maghala, mpaka tukawa tunajuana nani leo hajatokea. Kampuni ikabandika karatasi kituoni, siku zikapita, ikayafuta yote mawili. Mji siutaji na kampuni siitaji, jueni tu ni kaskazini mwa England.

Kilichonichoma zaidi ni majibu. Niliandika halmashauri, wakasema wanasikitika sana lakini ile ruti ni ya kibiashara, mwenye uamuzi ni kampuni. Nikaandika kampuni, wakasema abiria walikuwa wachache na kwamba wao wana ushirikiano mzuri na halmashauri. Jamani!! Ushirikiano gani huo ambao mmoja anafuta basi na mwenzake kazi yake ni kusikitika?

Kwa ambao hamjakaa huku, hii kitu ilianzia kwenye sheria ya 1985 wakati wa waziri mkuu Thatcher. Kuanzia Oktoba 1986 mabasi yakaachiwa soko nje ya London, kampuni inachagua ruti, inapanga ratiba na nauli yake, na ikitaka kujitoa inatoa tu notisi, kwa England sasa ni siku 70. London wenyewe hawakuguswa, kule mji ndo unapanga ruti na nauli halafu kampuni zinaomba tenda ya kuendesha. Yaani waliotunga sheria walijua kabisa mji wao uendeshwe vipi, sisi wengine tukaachiwa soko. Nyumbani daladala ikikatisha ruti tunamkaba konda palepale, anatujibu, tunagombana, wakati mwingine nauli inarudi. Huku ruti inakatishwa kwa karatasi na hakuna hata wa kumkaba.

Halafu ikaja sheria ya 2017 ikatoa njia mbili, mji uchukue udhibiti kama London, au uingie ushirikiano na kampuni. Miji mingi ikakimbilia ushirikiano kwa sababu ni rahisi na hakuna kampuni itakayokupeleka mahakamani. Na kweli, siwezi kusema hauna kitu kabisa, tumepakwa rangi njia za mabasi na vituo vingine vimewekewa vibao vya kuonyesha muda. Ila kampuni za kutosha zikipinga mpango, mpango haupiti, na ruti zenye faida zinabaki zao. Ile isiyo na faida wanaitupa, halmashauri ikitaka irudi inabidi itoe hela ya walipa kodi kumlipa mtu aiendeshe, na anayelipwa anaweza kuwa huyohuyo aliyeitupa. Hapa ndo damu inanichemka wakuu, faida yao, hasara yetu, na bado nauli nalipa.

Shemeji yangu yuko Bolton, ndani ya Greater Manchester, yaani Manchester na miji inayoizunguka. Kule mabasi ya njano, yaani yaliyo chini ya udhibiti wa mji, yalianza Septemba 2023, wao na Wigan walikuwa wa kwanza, na kufikia Januari 2025 Greater Manchester nzima ikawa chini ya udhibiti. Kampuni mbili zilikuwa zimeenda mahakamani kumzuia Andy Burnham, meya wa kule wakati huo, 2022 zikashindwa. Na madereva bado wameajiriwa na kampuni binafsi, watu wanadhani serikali imetaifisha kila kitu, hapana, mji unailipa kampuni iendeshe ratiba ya mji na hela ya nauli inaingia kwa mji, kwa hiyo ruti inayojaa inaweza kuibeba ile ya alfajiri yenye watu kumi. Kikomo cha nauli ya safari moja kilichowekwa na serikali kilipopanda kutoka pauni 2 kwenda 3 wao walibaki na 2, na ndani ya saa moja unabadilisha basi bila kulipa tena. Mimi nina tiketi ya siku nzima, likija basi la kampuni nyingine dereva ananishusha. Na Septemba 2024 wakajaribu mabasi ya usiku kucha, Manchester kwenda Bolton na Leigh. Usiku kucha! Mimi hata saa nne sina.

Najua mtasema udhibiti ni gharama, na ni kweli, mji unanunua madepo na mabasi, abiria wakipungua hasara ni ya mji. Lakini mimi hiyo hasara tayari naibeba, mwezi uliopita teksi zimenila karibu mshahara wa siku nne. Angalau kule basi likifutwa kuna meya anayejulikana kwa jina na kuna siku ya kumpigia kura.

Mliopo Leeds, Bradford na Sheffield, nasikia nyie mabasi ya kwanza chini ya udhibiti ni 2027. Naombeni mniambie, mlianzaje kuwasukuma viongozi wenu, barua, mikutano, au mlipitia chama cha wafanyakazi? Hapa kazini tumeshapata majina 31 ya watu wa shifti ya usiku na hatujui tuyapeleke wapi.