Tupeane uzoefu: wazee wetu walisimulia nini kuhusu eropleni za kwanza za Rufiji na Mafia?

Ndugu zangu, habari za mwanzo wa ndege nchini kwetu husimuliwa kwa kutaja miji, ilhali watu wa delta ya Rufiji waliziona ndege tangu Novemba 1914, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ambayo watu wa pwani waliiita Manowari na Bomba Tatu, ilikuwa imejificha ndani ya mikoko, na kwa kuwa meli kubwa za Waingereza hazikuweza kupita katika mito yenye kina kidogo, alikodiwa rubani raia, Cutler, akaletwa kutoka Durban na ndege ya majini aina ya Curtiss aliyoirusha kutoka kisiwa cha Nyororo. Rejeta yake ilipoharibika, ilibidi itafutwe nyingine Mombasa, ya gari la Ford. Desemba alilazimika kutua ndani ya delta, akatekwa. Ndege za Sopwith zilizofuata zilishindwa na joto letu: gundi ya mbao ililegea na injini zikakosa nguvu ya kupaa na mzigo.

Bibi yangu alipokea kwa mama yake kwamba katikati ya 1915, mpunga ukiwa umeiva, eropleni ilipita juu ya mashamba, na wanawake waliokuwa kwenye madungu wakilinda mpunga wakapiga madebe na kurusha madongo kwa kombeo, kama walivyozoea kuwafukuza ndege waharibifu. Mama yule alibaki na kombeo mkononi hadi mlio ulipopotelea upande wa bahari. Ninaomba kila aliyerithi simulizi ya namna hii ailete, kwa sababu daftari za wanajeshi ziliandika majina ya marubani tu.

Mchango kutoka Mafia

Shikamoo mleta mada. Waingereza walipokwisha kuiteka Mafia, Januari 1915, walihitaji uwanja wa ndege za magurudumu, zile Caudron na Henri Farman zilizofika Juni. Baba wa babu yangu alisimulia kuwa alikuwa miongoni mwa waliong'oa visiki na kujaza mashimo, na kwamba kazi ya visiki vya minazi ilimuumiza mgongo maisha yake yote. Tarehe 11 Julai, wanajeshi wawili wa Kiingereza, Cull na Arnold, waliruka kuelekeza mizinga ya Waingereza dhidi ya Königsberg; ndege yao ikapigwa, lakini Arnold aliendelea kutuma ishara kwa redio huku wakishuka kuangukia mtoni. Manowari iliangamia siku hiyo. Ninawaheshimu wawili hao, ila uwanja walikoanzia kuruka ulisawazishwa kwa majembe ya watu wetu.

Mchango kutoka delta

Marahaba. Kwetu tulikuwa na waya mwembamba uliosokotwa, ambao babu, mkata mikoko, alisema baba yake aliuokota kwenye matope chini ya eropleni iliyoanguka. Ulikuwa umeshika kutu, na bibi aliufungia mlango wa banda la kuku kila jioni.