Giaboksi ya pawatila imekatika meno, nichomelee au nitafute nyingine? Ushauri wenu wakuu

Jaruba_la_Tatu
Kwema wakuu. Niko Mbarali kwenye mashamba ya mpunga, nina pawatila (kile kitrekta cha magurudumu mawili cha kushika mikononi) ya Kichina, ile ya silinda moja iliyolala ya kuwashia hendeli, ni ya zamani, zile zilizoingia kwa wingi baada ya ule mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza ya 2009. Sasa imegoma. Namba moja na mbili zinaingia ila ukiachia klachi inasaga kwa kelele halafu inaruka inarudi free, ya tatu haiingii kabisa, rivasi usiseme. Oili nimemwaga imetoka nyeupe tena na vipande vya chuma ndani. Fundi kafungua anasema kuna gia imekatika meno manne, anaweza kuyajaza kwa kuchomelea halafu akayapiga grainda yakae sawa, anataka laki na ishirini. Wengine wananiambia tafuta giaboksi nzima ya mtumba. Mvua ndo hizo zinakuja na usingizi sipati. Nifanye lipi?

Spana17
Ilikuwa inafanya kazi gani ilipoharibika?

Jaruba_la_Tatu
Kulima tu mkuu, kazi yake ya kawaida.

Mama Kibua
Pole kaka. Mimi yangu niliuza nikarudi kwa maksai na sijutii. Maksai hana giaboksi, hana mkanda, hana oili, akichoka unamfungua anakula majani, akizeeka unamuuza mnadani unaongeza kidogo unapata kijana. Hiyo mashine ikizeeka nani ataila? Mwaka ule yangu ilizama kwenye tope kati ya shamba, wanaume sita wanavuta, mimi nimesimama pembeni na kiroba cha mbegu najiuliza nimelogwa ama vipi.

Kamau wa Mwea
Huku Mwea, Kenya, tunawaachia wenye trekta kubwa, wanafunga yale magurudumu ya chuma wanaingia kwa maji hivyo hivyo, unalipa kwa ekari unaenda zako nyumbani. Kumiliki mashine ni kutafuta presha.

Spana17
Turudi kwenye swali jamani. Kuchomelea HAPANA. Jino la gia si chuma cha geti. Limepikwa kiwandani likawa gumu juu na ndani lina unyumbufu kidogo, ndo maana linavumilia kugongwa. Ukilipiga welding ule ugumu unaondoka, pembeni ya weld panabaki panapasuka kirahisi, na grainda ya mkono haiwezi kutoa umbo sahihi la jino, kwaiyo gia mwenzake nayo itatafunwa. Italima siku chache halafu lile jino litadondoka ndani, lipite kwenye gia zingine, na hapo utakuwa huna gia moja mbovu, utakuwa na giaboksi nzima mbovu.

Jaruba_la_Tatu
Nakuelewa mkuu ila huyu fundi si wa kubahatisha, ameshachomelea springi za malori na chesisi za matela huku kwetu na zinatembea mpaka leo. Na ukweli giaboksi ya mtumba nayo unaweza uziwa ugonjwa wa mtu mwingine. Halafu nimeshampa elfu themanini ya kuanzia.

Bi Shani
Kwaiyo umekuja kuomba ushauri au kuomba baraka?

Jaruba_la_Tatu
Ushauri dada yangu. Lakini ushauri uangalie na mfuko.

Spana17
Hiyo elfu themanini kaiombe leo leo. Na pawatila ni yako?

Jaruba_la_Tatu
Ni ya familia.

Bi Shani
Familia gani? Ya kwenu au ya ukweni?

Msomi wa Jembe
Tatizo letu wakulima tunanunua mashine bila mafunzo. Pale KATC Chekereni Moshi wanafundisha watu haya mambo ya mpunga na mashine zake, lakini mtu anaona bora aoe mke wa pili kuliko kwenda kozi. Unakuta giaboksi haijawahi kubadilishwa oili tangu inunuliwe, na nati ya kumwagia imeota kutu.

Chai_Haina_Vitafunwa
Hii ni chai, stori ya kutunga, mimi nainywa tu bila andazi. Wakuu hamuoni? Anasema ilikuwa inalima. Pawatila ya aina hiyo injini inavuta giaboksi kwa mikanda. Ukizidiwa na tope mkanda unateleza, injini inazima, au magurudumu yanazunguka bure, meno manne hayakatiki kwa kulima jaruba. Halafu mtu anayekosa usingizi anaandika vizuri hivi? Huyu anatunga, kesho atasema naombeni mchango. Weka picha ya hiyo gia tuone.

Jaruba_la_Tatu
Mtandao wa huku picha haipandi, nimejaribu. Nitunge ili nipate nini? Gia ninayo mkononi. Na mkanda hauwezi kuteleza wakati mashine inasukumwa na mzigo wa nyuma inashuka.

Chai_Haina_Vitafunwa
Inashuka? Nimeishi Usangu, bonde hilo hilo la Mbarali, miaka, tambarare yote ile, unamwaga maji hayajui yaende wapi. Mteremko umeutoa wapi? Na jembe lina mzigo gani wa nyuma?

Fundi Mkokoteni
🤣🤣 mwageni chai tulale

Spana17
Hapana, si chai. Gia zipo hivyo kweli, ila haikuwa inalima. Ngoja niseme nilivyoona kwa nyingine. Mtu anafunga tela, anapakia, anafika kwenye mteremko anaweka free ili ibane mafuta. Tela linaanza kusukuma, kasi inazidi, anaogopa, anabana klachi na kulazimisha gia iingie wakati magurudumu yanazunguka kwa fujo. Hizi gia zinateleza kwenye shafti, hazina kitu cha kulinganisha kasi kama gari. Jino linaingia nusu tu, mzigo wote wa tela unabebwa na ncha. Mkanda hauokoi chochote hapo. Jaruba, ulibeba nini?

Jaruba_la_Tatu
Mbao.

Jaruba_la_Tatu
Sikiliza mkuu, siku hiyo nilipata kazi ya kuteremsha mbao kwenye ile barabara ya Matamba kuja Chimala, si kona zote, zile za chini tu. Mwenye mbao alilipa vizuri. Tela breki yake ya mguu ilikuwa imelegea ila nilijua nitatumia ya mashine. Na pawatila ni ya baba mkwe, lakini mwenyewe kabla hajasafiri alisema isikae bure, ifanye kazi. Nikaifanyisha kazi. Yuko Dodoma kwa mwanae, anarudi mvua zikikaribia.

Bi Shani
Na mkeo anajua?

Mzee wa Nyanda
Mbao za nani na kibali cha maliasili kilikuwepo? Mimi nilishawahi kukaa kituoni siku mbili kwa kuni za mtu mwingine, naapa siku hizi hata fito sibebi bila karatasi.

Kamau wa Mwea
Kwanza umeshukaje ukiwa hai? Hiyo mashine mteremkoni ukivuta hendeli ya kukatia kona ya mkono wa kulia inaenda kushoto.

Spana17
Kweli kabisa, na ndo inaua watu wengi. Kwenye tambarare ukivuta mkono wa kulia unakata nguvu ya injini kwenye gurudumu la kulia, la kushoto linaendelea kusukuma, unakata kulia. Ukishuka, injini inalishikilia la kushoto na la kulia linakuwa huru linakimbia, basi unakata kushoto. Dereva mgeni anavuta zaidi akidhani haijasikia, anaingia korongoni. Mshukuru Mungu ni gia tu.

Halafu hiyo oili nyeupe haijatokana na mbao. Ni maji. Sili za ekseli zimeisha zamani, kila ukiingia jarubani maji ya tope yanapenya giaboksi, na beringi zitakuwa zimeshaanza kula kutu.

Jaruba_la_Tatu
Kwaiyo kumbe ilikuwa mbovu kabla yangu! Si ndo nasema, mzee aliniachia kitu kibovu.

Bi Shani
Baba wewe. Mpigie simu mzee kabla hajasikia kwa jirani. Wakwe wanasamehe chuma, hawasamehi kufichwa.

Mama Kibua
Mimi wangu hakusamehe chuma wala nini, alichukua baiskeli yetu.

Chai_Haina_Vitafunwa
Sawa kiongozi, chai naifuta nusu. Nusu nyingine nasubiri picha.

Spana17
Fanya hivi. Fungua yote usiache nusu, osha kasha kwa dizeli, pitisha sumaku kila kona itoe vipande, zungusha kila beringi kwa mkono na inayokwaruza itoke. Angalia na ule uma unaosukuma gia kama umepinda, maana gia kuruka kurudi free mara nyingi ni huo au meno yameliwa ncha. Badili gia iliyovunjika pamoja na ile inayokutana nayo, usiweke mpya kwa kongwe. Sili za ekseli mpya pande zote, gasketi mpya, oili ya gia namba 90 mpaka kipimo. Spea si shida, hizo za Kilimo Kwanza zimelala uani kwa watu wengi injini zimekufa ila giaboksi bado nzima, au beba hiyo gia kwa mafundi wa kuchonga pale SIDO (shirika la viwanda vidogo) Mbeya wakutajie bei. Kwa fundi wako usiongeze hata mia.

Jaruba_la_Tatu
Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Sasa fundi kapiga simu saivi anasema alinikopa gia asubuhi na ameshajaza meno mawili, anauliza aendelee. Hivi kama mawili yameshajazwa, nikiacha hayo mengine mawili hivyo hivyo na nisitumie namba tatu kabisa, si inaweza kulima msimu mmoja?

Chai_Haina_Vitafunwa
Si ulisema gia unayo mkononi???

Spana17
Haiwezi. Kaichukue gia kwake hata kama ina moto, hesabu meno yote pamoja na nafasi za yaliyokatika, pima upana kutoka ncha hadi ncha na tundu la shafti. Niandikie hizo namba hapa, Jumamosi napita SIDO.