MJADALA: "Machinga" ni jina la watu wa Lindi. Hadithi ya "marching guys" imetoka wapi?

Mleta mada, Lindi mjini

Ndugu zangu wa Kusini na wengine wote, shikamooni wakubwa.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha wafanyabiashara wadogo hapa Lindi. Mgeni mmoja kutoka nje ya mkoa alifungua mazungumzo kwa kutueleza maana ya neno machinga, jina wanaloitwa wauzaji wadogo wa kutembeza bidhaa. Alisema asili yake ni Kiingereza, "marching guys", vijana wa kutembea. Watu wakapiga makofi. Pembeni yangu alikaa mzee wa Mchinga, Mmachinga wa kuzaliwa, aliyekuja kufuatilia kizimba cha mwanawe. Yeye hakupiga makofi. Aliniinamia akaniuliza: "Kwa hiyo jina letu tumepewa na Mwingereza?"

Sikuwa na jibu la haraka pale. Leo ninalo, na ninalileta hapa lipingwe na mwenye hoja.

Hadithi yenyewe mnaijua, maana inasemwa redioni, majukwaani, hata darasani. Eti vijana waliozunguka Dar es Salaam na bidhaa mkononi waliitwa "marching guys", Kiswahili kikalimeza neno, likatoka machinga. Inapendwa kwa sababu ni fupi, na kweli machinga hutembea.

Wanaoitetea huniwekea Kariakoo mezani. Wanasema kama Kariakoo ni Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa nini machinga isiwe Kiingereza pia? Haya, tupime. "Carrier" imekuwa karia. "Corps", ambayo Mwingereza mwenyewe huitamka bila p wala s, imekuwa koo. Kila kipande kipo mahali pake, na kikosi kilikuwepo kweli. Sasa pima "marching guys". Kiswahili kikichukua neno lenye s mwishoni hulitilia irabu: basi, kesi, glasi. "Guys" ingetuachia gaizi, au kitu cha jamii hiyo. Imeyeyukaje mpaka ikabaki "nga"? Na huyo aliyewaita vijana kwa Kiingereza alikuwa nani? Aliyeuza alisema Kiswahili, aliyenunua alisema Kiswahili, na mgambo aliyewafukuza aliwatukana kwa Kiswahili.

Upande wa pili hakuna cha kubuni. Wamachinga wapo. Ukitoka Lindi mjini kwenda Kilwa unaipita Mchinga, na jina hilo ni jina la jimbo la uchaguzi mpaka leo. Wana lugha yao, na wataalamu wa lugha huiweka jirani na Kimwera, Kimakonde na Kiyao. Walikuwepo kabla mtumba wa kwanza haujafunguliwa Ilala. Hata namna tunavyolitumia neno inasema: mmachinga, wamachinga, sawasawa na Mmakonde, Wamakonde.

Mtu ataniuliza: kabila linageukaje kuwa kazi? Mbona tunaliona kila siku. Dar es Salaam ukimtuma mtoto sukari unamwambia aende kwa Mangi. Mangi ni cheo cha mtawala wa Wachaga, lakini leo ni mwenye duka la mtaani, awe Mchaga au asiwe. Mji hufanya hivyo: unawaona watu wa sehemu moja wengi kwenye kazi moja, basi kazi inachukua jina lao.

Swali la maana zaidi ni kwa nini watu wa huku walikuwa wengi kwenye kazi ile, na hapo ndipo hadithi ya Kiingereza inaponiuma. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho kama tani 145,000, na sehemu kubwa ilitoka kwetu. Kufikia 1986/87 zilibaki kama tani 16,500. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, mashamba yakaota msitu, bei ikawa haimlipi mkulima, na ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ukamalizia. Kijana wa Lindi wa miaka ile angebaki kufanya nini?

Mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea, aliondoka 1984. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003, kwa hiyo yeye alipanda lori hadi Ndundu, akasubiri kivuko cha Rufiji, na kwa kuwa ilikuwa masika alifika mjini siku ya nne. Alianza na ubao mwepesi uliofungwa kamba, anauning'iniza shingoni: vitana, sindano, nyembe, viberiti. Mkono mmoja ulishika ubao, wa pili ulichezesha sarafu kiganjani, cha-cha-cha, watu wamsikie kabla hawajamwona. Baadaye akahamia mashati ya mitumba, matatu begani na mawili mkononi. Chumbani walilala wanane, na kati yao Wamachinga walikuwa wawili tu. Waliobaki ni Wamwera na Mmakonde mmoja. Lakini mtaani wote waliitwa Wamachinga, na mjomba anasema halikuwa jina la heshima. Lilisemwa kama anavyosemwa mtu wa shamba asiyejua kuvuka barabara.

Na walikuwa wakikimbia. Mwaka 1983 ilikuja Nguvu Kazi, ambapo asiyekuwa na kazi inayotambulika mjini alikamatwa na kurudishwa kijijini. Ruksa ya biashara ilikuja baada ya hapo. Ukisema "marching guys" yote haya yanafutika: korosho, kivuko, chumba cha watu wanane. Anabaki kijana anayependa kutembea.

Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere alipoachia urais alisema anang'atuka, na nchi nzima ikaambiwa kwamba neno hilo ni la Kizanaki. Hakuna aliyekwenda kulitafutia asili London. Ninataka hivyohivyo kwa machinga. Mwenye kupinga karibu.

Mchangiaji, Masasi

Mleta mada, nakuunga mkono kuhusu Kiingereza, hiyo hadithi ni ya kubandika. Lakini usilifungie jina pale Mchinga peke yake. Sisi Wayao tuna Amachinga, ni watu wetu wa damu. Wazee wangu husema waliitwa kwa sababu ya milima ya Lichinga, upande wa Msumbiji. Kwa Kiyao ukiwa na kimoja unaanza na li-, vikiwa vingi unaanza na ma-: Lichinga, Machinga. Mji wa Lichinga upo Niassa leo hii, na Malawi ina wilaya nzima inayoitwa Machinga. Hao nao walipewa jina na wauza mitumba?

Na kuna jambo hukuligusa. Karne ya 19 Wayao walikuwa watu wa misafara. Walitoka ziwani Nyasa wakiwa na pembe za ndovu, na watumwa pia, tusilifiche, wakashuka mpaka Kilwa Kivinje, wakarudi na nguo na chumvi. Mtu wa Kusini kubeba bidhaa begani hakukuanza 1984. Kwa hiyo mimi nasema jina lilikuwa na harufu ya biashara zamani sana, Dar es Salaam ililiokota tu.

Mchangiaji, Mtwara

Kaka zangu, ninyi mnagombania jina lilikotoka, mimi naulizwa jina hilo kila siku. Nauza ming'oko ya kuchemsha na korosho karibu na stendi, mwaka wa kumi na moja sasa. Mimi ni Mmakonde wa Newala. Kwa hiyo kaka wa Lindi, ukishinda hoja yako, mimi nitakuwa naitwa kwa kabila la jirani yangu?

Vile vitambulisho vya serikali vya 2018, sisi wauzaji wadogo tulivyolipia shilingi 20,000, vilituita wajasiriamali wadogo. Nilipokipata nilifurahi, nikasema angalau leo nimeandikwa vizuri. Miezi michache tu baadaye kila mtu alikuwa amerudi kusema machinga, viongozi wenyewe wakiwa wa kwanza. Binti yangu akijaza fomu ya shule hapo kwenye kazi ya mzazi huandika "mfanyabiashara". Hataki kuandika machinga. Hadithi ya Kiingereza ni ya uongo, sawa, lakini najua kwa nini watu wanaipenda. Inaondoa aibu. "Marching guys" anaonekana mtu wa kisasa. Mmachinga anaonekana mtu wa porini aliyekuja mjini.

Mleta mada, Lindi mjini

Dada wa Mtwara, umenigusa. Sikuwa nimeliona hivyo. Niliidhani hadithi ya Kiingereza imetokana na uvivu wa kuuliza, kumbe watu wanajisitiri nayo. Lakini aibu yenyewe ilitengenezwa na waliotucheka. Kuificha kwa Kiingereza ni kukubali kwamba walikuwa na haki ya kucheka. Watu wetu wa Nandete, hapa hapa kwenye mkoa huu, waling'oa pamba ya Mjerumani mwaka 1905 na kuanzisha Maji Maji. Mjerumani aliita uasi, sisi tunaita vita, na hatukuona haya kulibadilisha jina hilo kwenye vitabu. Kwa nini tuone haya na hili? Kuhusu kuitwa kwa kabila la jirani, hapo una haki kabisa. Anayeandika fomu, sheria au kitambulisho aandike mfanyabiashara mdogo. Nisichokubali ni mtu kusimama mbele ya Mmachinga na kumfundisha kwamba jina lake halikuwepo.

Ndugu wa Masasi, kwamba Amachinga wa Kiyao na Wamachinga wa pwani ni ndugu, nakubali, na hoja ya Lichinga nimeipenda. Kwenye misafara ndipo tunapoachana. Mtu wa msafara alikuwa na wapagazi, bunduki na mkuu wa kumlinda. Mjomba wangu alikuwa na ubao na kamba. Kama jina lingekuwa limebeba maana ya biashara tangu zamani, wauzaji wa mkononi wa Kilwa na Lindi wangeitwa machinga kabla ya wale wa Dar. Mjomba hakuwahi kulisikia kwa maana hiyo mpaka alipovuka Rufiji.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa mwenye mzazi au babu aliyefika Kariakoo, Ilala au Manzese kabla ya 1985. Mkalie chini umuulize: mara ya kwanza alipoitwa machinga, aliyemwita alikuwa nani, na siku hiyo alikuwa amebeba nini mkononi? Leteni majibu hapa kama yalivyo, hata yakiipinga hoja yangu.