Naomba ushauri: data inagongana kati ya programu na kompyuta mbili

Habari zenu wakuu. Nimekwama, naombeni mawazo.

Nina programu mbili za Python kwenye kompyuta moja ya Linux. Ya kwanza inapima joto kila sekunde na kuandika kwenye faili la JSON (data iliyoandikwa kama maandishi), ya pili inalisoma na kuchora grafu. Mwanzoni msomaji alikuwa anakuta faili limeandikwa nusu, limeishia {"joto": 27. halafu programu inakufa hapohapo. Hilo nimeshalimaliza: naandika kwanza kwenye faili la muda, kisha nalibadilisha jina. Limetulia kabisa.

Sasa nataka kompyuta ya pili nayo isome. Nilianza na SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili moja) ndani ya folda ya mtandao, ikawa kila mara inalalamika kwamba imefungwa. Nikaiacha, maana hata watengenezaji wake wanatahadharisha juu ya matumizi ya namna hiyo. Nikahamia soketi ya TCP, yaani programu zinatumiana data moja kwa moja kupitia mtandao. Data inafika, ila mara vipimo viwili vinakuja vimeshikana, mara kimoja kinakatika katikati. Naelewa kwamba TCP inapeleka mkondo wa baiti tu, haijui ujumbe unaishia wapi.

Je, nitenganishe kila kipimo kwa mstari mpya, au nitangulize urefu wake kwa baiti 4? Na mtandao ukikatika dakika kadhaa, nivihifadhi wapi vipimo ili kisipotee hata kimoja?