Kuka anataka saruji mifuko miwili

Kikundi cha familia: NYUMBA YA KUKA (BABU), BUDALANG'I
Jumatano jioni

Mercy (nyumbani): Hamjambo wote. Naandika maneno ya Kuka jinsi anavyoyasema. "Maji yameshuka. Nimepanda viazi vitamu upande wa juu, marando nimepewa na jirani. Sasa nataka saruji mifuko miwili na mchanga. Kaburi la Kukhu (nyanya) limepasuka. Na msinipigie simu ya kunihamisha, nimeshasikia."

Baba Mdogo Wycliffe (Mumias): Mercy, msomee Baba polepole. Mwaka 2020 tulimtoa hapo kwa mtumbwi. Saruji tutaleta, lakini mbona tuimwage mahali ambapo mto Nzoia una ufunguo wake?

Mercy: Amecheka. Anasema mto una ufunguo, lakini hati ya shamba anayo yeye. Ile ya kwenye mkebe wa mafuta ya Kasuku.

Senge (shangazi) Rose (Kisumu): 😂😂 Viti vilienda, kuku wakaenda, mkebe ukabaki juu ya boriti, hati kavu!

Mercy: Anasema Brian asome Yeremia 32.

Brian (Nakuru): Nimesoma. Yeremia yuko kifungoni, Wababeli wamezingira Yerusalemu, na yeye ananunua shamba la binamu yake kule Anathothi. Shekeli 17 za fedha. Hati zinatiwa kwenye chombo cha udongo zisiharibike. Kumbe Kasuku ina historia!

Baba Mdogo Wycliffe: Shekeli 17 ni ngapi kwa M-Pesa? Tena Yeremia aliambiwa na Mungu anunue. Sisi tumeambiwa na mto tuondoke.

Mama Brian: 🕯️🌹 Poleni kwa msiba 🌹🕯️

Mama Brian: Samahani, ni kidole.

Brian: Niseme kitu, na msinikasirikie. Haya maneno ya matumaini yamenichosha. Tangu nimalize chuo, nikisema sijapata kazi naambiwa "wakati wa Mungu ndio bora". Na anayeniambia huwa ameshakula.

Mama Brian: Brian!

Senge Rose: Mwache aseme. Tulipomzika Mama, watu walinishika mkono pale pale kaburini wakanikataza kulia, eti Mkristo halii. Nikawa nalia kwa kujificha nyuma ya magunia ya omena huku sokoni Kibuye, na aibu juu. Siku moja nikasoma 1 Wathesalonike 4:13 bila haraka. Paulo hakatazi kuhuzunika. Anasema tusihuzunike KAMA wasio na matumaini. Lile "kama" sikuliona miaka miwili! Sasa huyo anayekwambia ungoje tu, naye kuna mahali ameruka. Yeremia alipima fedha kwenye mizani, akaita mashahidi, akatia sahihi na muhuri. Mtu anangoja huku mikono ina kazi.

Brian: Sawa Senge. Lakini Yeremia alikuwa na shekeli.

Senge Rose: Hapo umenishika.

Mercy: Kuka amesema nimsomee hiyo ya Brian mara mbili. Amenyamaza kidogo. Ngojeni.

Mercy: Haya. "Wycliffe, sikai hapa kwa kupenda maji. Mama yako amelala hapa. Siku parapanda ikilia ataamka, akute kaburi limepasuka na nyasi imefika kiunoni? Atauliza watu walikuwa wapi. Mnamjua."

Mama Brian: Tunamjua 😂😭

Baba Mdogo Wycliffe: Ataanza na mimi.

Mercy: "Na Brian, kuhusu kazi sina neno. Nakutaja kwa jina kila asubuhi nikiomba, na sijui itapatikana lini. Mgongo wangu hauwezi tena kukoroga saruji. Njoo. Nauli nitatoa, kuna pesa kidogo ya samaki."

(Dakika ishirini kimya.)

Brian: Kuka, usitoe nauli. Nitapanda matatu ya Kisumu Ijumaa. Senge, nitalala kwako?

Senge Rose: Karibu. Ila Jumamosi alfajiri tunashusha magunia kwanza, ndipo tuondoke. Na mwiko wa fundi ninao, usinunue.

Baba Mdogo Wycliffe: Mifuko miwili haitoshi kaburi lote, nitabeba mitatu. Lakini Mercy, mwambie Baba nami nina sharti langu. Mvua ya Aprili ikianza, anakuja Mumias mpaka ipite. Si kuhama. Ni kulala tu.

Mama Brian: Hilo ni sawa kabisa. Baba akubali.

Mercy: Anasema atakuja maji yakifika kwenye mwembe, si kabla.

Baba Mdogo Wycliffe: Mwembe wa mbele au wa nyuma?

Mercy: Hajajibu hilo. Anauliza kama huko Mumias kuna mahali pa kufunga mbuzi.